Dakika Moja ya Kusoma na Maneno Marefu

Wanafunzi wetu wanaorudi kutoka mazoezi ya kufundisha hutusimulia jambo lile lile: mtoto wa darasa la pili ameketi, hadithi iko mbele yake, mpimaji kashika saa. Sekunde 60 zikiisha, yanahesabiwa maneno aliyoyasoma sawasawa. Kipimo hiki kimetoka wapi?

Asili yake ni Marekani. Katika miaka ya 1970 na 1980, Stanley Deno na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walimtafutia mwalimu njia rahisi ya kufuatilia maendeleo ya wanafunzi wake mwenyewe. Mwaka 2006 taasisi ya RTI, kwa fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani la wakati huo, ilianza kuunda EGRA, kipimo kilichojengwa juu ya fikra kama hizo. Mwaka 2007 kilijaribiwa Senegali na Gambia. Huku Uganda, ambako mtaala wa 2007 uliwaanzisha watoto kusoma kwa lugha za kwao, kilitumika mwaka 2009 kwa Kiluganda, Kilango na Kiingereza.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo, nalo ni la sarufi. Mwingereza husema “We will not read to them”: maneno 6, silabi 6. Sisi twasema “hatutawasomea”: neno 1, silabi 7. Kiluganda nacho huambatisha viambishi vivyo hivyo. Mtoto akiteleza kwenye kiambishi kimoja tu, neno zima limehesabiwa kosa! Kulinganisha lugha hizi kwa maneno ya dakika moja ni sawa na kupima kitambaa kwa kibaba.

Wengine walitanabahi. Uwezo, ulioanza Afrika Mashariki mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa ASER ya India, ulianzisha jaribio la Kiswahili kwenye silabi, si kwenye herufi. EGRA ya Tanzania ya 2013 nayo ilikuwa na sehemu ya silabi. Walimu wa ma, me, mi, mo, mu wangeweza kuyasema hayo mapema, lau wangeulizwa.

Hivi karibuni tulionyeshwa jedwali la shule moja lililoweka Kiluganda na Kiingereza bega kwa bega. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha azimia kupunguza vipindi vya Kiluganda, kwa kuwa watoto “wanakisoma polepole”. Tulimwomba atuletee zile hadithi zenyewe, tukaketi naye kuhesabu silabi.