Kutoka Bandarini Hadi Angani: Historia Fupi ya Istilahi za Safari za Anga

Tarehe 4 Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik, na wahariri wa magazeti na majarida ya Kiswahili wakakabiliwa na kazi ya kuipasha habari jamii ambayo tayari ilikuwa na lugha ya mbingu. Sayari, falaki, kimondo, Zuhura na Mirihi ni maneno ya zamani katika upwa wetu. Yaliyopungua ni majina ya vyombo vipya, ya watu waliovipanda na ya kazi zilizofanywa ardhini kwa ajili yao.

Sehemu ya majina hayo ilitoka bandarini. Bagamoyo, ambako majahazi yametia nanga kwa vizazi vingi, chombo si kifaa tu, bali ni jahazi au mashua. Rubani ni mwenye kukiongoza chombo kati ya miamba, na mwanamaji ni mtu wa kazi za baharini. Chombo cha angani na mwanaanga ni istilahi zilizofuata njia hiyo, ndiyo maana hazihitaji maelezo marefu. Hata hivyo, si kila neno lilihama. Chombo hushuliwa, yaani husukumwa kutoka nchi kavu kuingia majini, ilhali roketi hurushwa.

Nchini Marekani, jarida la Life lilinunua mwaka 1959 haki ya kuchapisha habari za maisha ya wanaanga saba wa kwanza. Wasomaji wake waliwafahamu mashujaa hao pamoja na wake zao na watoto wao. Kwa watu wa Unguja, ng'ambo ya Bagamoyo, jambo lenyewe lilikuwa jirani zaidi. Kwa mapatano ya mwaka 1960 baina ya Uingereza na Marekani, kituo kilijengwa Tunguu ili kupokea ishara za redio na kuzungumza na wanaanga wapitao juu. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyowasiliana naye.

Wapinzani wa kituo walihofu kuwa ni cha makombora, na kwamba vita vikitokea kisiwa kingeshambuliwa. Tunguu hapakurushwa roketi yoyote. Lakini hofu hiyo haikuzuka hivi hivi: Atlas, roketi iliyombeba Glenn, ilibuniwa kwanza kuwa kombora. Neno roketi lilibeba maana zote mbili, ya silaha na ya usafiri. Mwezi Aprili 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitaka kituo kiondolewe, nacho kikafungwa.

Hatusemi kwamba istilahi peke yake ingemaliza mgogoro uliokuwa wa siasa. Tunasema kwamba raia hawezi kukubali wala kukataa kwa haki jambo ambalo jina lake halielezi kazi yake. Kituo cha kurushia na kituo cha kufuatilia ni vitu viwili, na lugha yetu ilikuwa na vitenzi vya kuvitenganisha. Mfasiri wa waraka wa serikali, kabla ya kuuliza kitu kinaitwaje ugenini, hana budi kuuliza kwanza: kinafanya nini, na kinamhusu nani hapa petu?