Injini ya J-20: Miaka Sitini Nyuma ya Mkia Mmoja

Mchana wa tarehe 11 Januari 2011, ndege ya kivita yenye rangi nyeusi na namba 2001 ilipaa kutoka uwanja wa kiwanda cha ndege cha Chengdu, jimbo la Sichuan, kusini-magharibi mwa China. Siku hiyohiyo Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert Gates, alikuwa Beijing kwa mazungumzo na Rais Hu Jintao. Ndege hiyo, J-20, ilikuwa ya kwanza ya China iliyoundwa kujificha kwenye rada.

Wapenzi wa ndege walikuwa wamejibanza nje ya uzio wa kiwanda kwa wiki kadhaa, kamera mkononi, wakiitazama ikikimbizwa kwenye njia ya kurukia. Picha zao zilieleza mengi. Urefu wa ndege ulikadiriwa kwa kuulinganisha na magari yaliyoegeshwa kando yake, na mabawa madogo ya mbele yalionekana wazi. Swali moja tu lilibaki gumu: ndani mna injini gani? Injini ya ndege ya kivita imezikwa kiwiliwilini, na ndege ya kujificha huificha zaidi, maana hata njia ya kuingizia hewa hupindwa ili rada isiyaone mapanga ya mbele yanayozunguka. Sehemu pekee inayobaki nje ni mdomo wa nyuma, pale moto unapotokea.

Mdomo huo hutengenezwa kwa vipande vya chuma vilivyopangwa duara kama petali za ua, vikifumbuka na kufumba kadiri rubani anavyoongeza au kupunguza nguvu. Kila kiwanda kina namna yake ya kuvipanga. AL-31 ya Warusi ina petali zake, WS-10 ya China ina zake, na jicho lililozoea hutambua tofauti ya upana, urefu na maungio. Wapo waliojenga hoja juu ya rangi: picha hii inaonyesha mdomo mweusi, ile inaonyesha wa fedha, basi ni injini mbili tofauti. Rangi, hata hivyo, ni shahidi dhaifu. Chuma kilichopigwa na moto hubadilika sura kila kinaporuka, na mwanga wa jioni huweza kukigeuza tena. Umbo la petali ndilo la kuaminiwa, na lilielekeza kwenye ukoo wa AL-31, injini iliyobeba herufi za mbunifu wake, Arkhip Lyulka.

Kwa nini watu walilishikilia sana swali hili? Ni kwa sababu injini ndiyo iliyoisumbua China kuliko kiungo kingine chochote cha ndege.

Mwanzo wa kisa uko mbali na Chengdu. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliruhusu kampuni ya Rolls-Royce iwauzie Wasovieti injini ya jeti ya Nene. Wasovieti waliinakili, wakaiendeleza hadi ikazaa VK-1, na miaka michache baadaye injini za ukoo huo zilikuwa zikinguruma ndani ya MiG-15 katika anga la Korea. Michoro ya VK-1F ilifika Shenyang, kaskazini-mashariki mwa China, pamoja na wataalamu wa Kisovieti. Mwaka 1956 kiwanda cha huko kilitoa WP-5, injini ya kwanza ya jeti iliyotengenezwa China. Zikafuata WP-6, iliyotokana na RD-9, na WP-7, iliyotokana na R-11 ya MiG-21. Lakini katikati ya safari hiyo, mwaka 1960, Moscow iliwaita wataalamu wake nyumbani, na Wachina wakabaki na michoro pungufu na mashine walizokuwa bado wanajifunza kuziendesha.

Injini hizo hazikuishia Asia. Tanzania ilipopokea ndege za kivita za China, zikiwemo F-6 na F-7, zilikuja na WP-6 na WP-7: injini zilizobuniwa na Wasovieti, zikatengenezwa na Wachina, zikatunzwa na mafundi Watanzania.

Ugumu wenyewe umejificha katika kitu kinachoweza kushikwa kwa kiganja: panga la turbini. Hewa huingia mbele, hubanwa na kompresa, huchanganywa na mafuta na kuwashwa. Gesi inayotoka hulisukuma panga hilo, nalo huizungusha kompresa. Katika injini ya kivita ya kisasa gesi hiyo huzidi nyuzi 1,500 za Selsiasi. Nikeli, madini makuu ya panga, huyeyuka kwenye nyuzi 1,455. Kwa maneno mengine, panga hufanya kazi ndani ya moto unaoweza kuliyeyusha, huku likizunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Linaokolewa na vijia vyembamba vilivyochimbwa ndani yake, vinavyopitisha hewa ya kupoza, na pia na jinsi lilivyosubiwa. Chuma cha kawaida kina chembe nyingi zilizoshikamana, na joto kali huanza kukichana kwenye mipaka ya chembe hizo. Ndiyo maana panga bora huoteshwa kuwa fuwele moja kutoka shinani hadi nchani, kwa kupozwa polepole sana ndani ya tanuri.

Hapa ndipo kunakili hukwama. Ukiifungua injini ya jirani yako utapima umbo la panga hadi unywele wa mwisho. Hutaona joto la tanuri lilikuwa kiasi gani, wala lilipozwa kwa mwendo gani, wala mapanga mangapi yalitupwa kabla ya moja kukubalika.

China iliyajua hayo kwa kuyapitia. Mwaka 1975 ilinunua leseni ya kutengeneza Spey ya Rolls-Royce, ikaiita WS-9, lakini toleo lililotengenezwa nyumbani kikamilifu lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu. Baada ya matukio ya uwanja wa Tiananmen mwaka 1989, nchi za Magharibi zilifunga mlango wa silaha. Urusi ikafungua wake: Su-27 za kwanza ziliwasili mwaka 1992 na AL-31F zao, kila injini ikitoa msukumo wa tani 12.5. J-10, ndege iliyobuniwa Chengdu kwenyewe, iliporuka mara ya kwanza mwaka 1998, injini yake ilikuwa AL-31FN ya Kirusi, ambayo gia na pampu zake zilihamishiwa upande wa chini ili ienee katika mwili mpya.

Wakati huo Shenyang walikuwa wakihangaika na WS-10. Mradi ulianza katika miaka ya 1980. Ndege za kivita za J-11B za mwanzo zilipopewa injini hiyo, uthabiti wake ulitia mashaka, na baadhi ya ndege zikaendelea kufungwa AL-31. Hakuna aibu katika hilo. Nchi zinazoweza kutengeneza injini ya aina hii tangu mwanzo hadi mwisho ni chache mno. Mwaka 2016 Beijing iliviunganisha viwanda vya injini katika shirika moja, AECC, kwa mtaji wa yuani bilioni 50, ili injini isiwe tena mtoto wa kambo wa kiwanda cha ndege.

Matunda yalionekana palepale watu walipozoea kutazama, mkiani. J-20 mpya zilianza kupigwa picha zikiwa na petali zilizokatwa kama meno ya msumeno. Ncha za namna hiyo hutawanya mawimbi ya rada badala ya kuyarudisha yalikotoka, na hazikuwepo kwenye AL-31 za ndege za awali. Ilikuwa WS-10C. Katika maonyesho ya Zhuhai ya mwaka 2021 J-20 iliruka mbele ya umma ikiwa na injini za nyumbani. Miaka saba kabla yake, katika maonyesho hayohayo, ndege nyingine ya kujificha, FC-31, ilikuwa imeruka ikiacha michirizi ya moshi mweusi wa RD-93 za Kirusi. Wachunguzi wa petali hawakuwa na kazi siku hiyo: moshi ulitosha.

Katikati ya mwaka 2023 zilisambaa picha za J-20 yenye mdomo wa umbo jingine, nao waliozichambua wakazihusisha na WS-15, injini iliyokusudiwa ndege hii tangu mwanzo. Wachina huzipa injini zao majina ya milima. WS-9 ni Qinling na WS-10 ni Taihang. WS-15 hutajwa kwa jina la Emei, mlima wenye urefu wa mita 3,099 ulioko Sichuan, jimbo lilelile ambamo J-20 inaundwa.