Breki ya Probox Imeshika? Hivi Ndio Unajua Kalipa Imekwama, na Hivi Ndio Unaitengeneza

Kama wewe ni wa Kisii ama Nyamira, unajua Probox si gari tu. Ni matatu, ni ambulensi, ni lori ya ndizi, na Jumamosi ni gari ya harusi. Toyota walitoa Probox ya kwanza huko Japani mwaka wa 2002, pamoja na ndugu yake Succeed, ikiwa gari ya kubebea kampuni mizigo. Kenya hairuhusu gari ya mtumba iingie ikiwa imepitisha miaka 8, kwa hivyo zile za mtindo wa kwanza unaziona steji za Keroka, Ogembo na Nyamira ni wazee wa kazi. Zimekula mlima mpaka zimezoea.

Sasa, kuna ugonjwa mmoja unashika gari yoyote iliyozeeka, iwe Probox, Fielder ama Vitz: kalipa kukwama. Madere husema tu "breki imeshika." Umetoa mguu kwa pedali lakini tairi moja bado imebanwa. Wasee wengi husukuma hivyo hivyo wiki mbili, juu gari si bado inatembea? Shida ni kwamba siku itakataa haitakataa ukiwa umepaki. Itakataa ukishuka mteremko, na ndani umebeba watu.

Kalipa hufanya nini

Probox iko na breki za diski mbele na za dramu nyuma. Kalipa ni kile kitu cha chuma kinashika diski kama ngumi. Ndani iko na pistoni moja. Ukikanyaga, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi ya ndani, alafu kalipa yenyewe inateleza kwa pini mbili na kuvuta pedi ya nje. Diski inabanwa pande zote mbili, gari inasimama.

Ukitoa mguu, raba iliyozunguka pistoni huivuta nyuma kidogo sana, na kalipa inalegea kwa pini. Hapo ndipo shida hutokea. Pistoni ikishika kutu, ama pini zikikauka, hakuna kulegea. Pedi inabaki ikikwaruza diski safari nzima.

Na Gusii ni mahali pabaya kwa kalipa, tuseme ukweli. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima, barabara za ndani ni matope, na milima haiishi. Raba ya kuzuia vumbi ikipasuka, maji na udongo vinaingia hadi kwa pini na pistoni. Ongeza mzigo, na dere amekalia nusu ya kiti, utaelewa kwa nini breki za huku huzeeka mbio.

Dalili za kuangalia

- Gari inavutwa upande mmoja hata hujakanyaga breki. Mara nyingi inavutwa upande ule umeshika.
- Harufu kali ya kuungua ukisimama, hasa kutoka tairi moja.
- Rimu moja ya mbele ni moto sana kuliko ingine, ama ina vumbi jeusi zaidi.
- Gari ni nzito. Ukiiachilia kwa mteremko mdogo haiteremki vile ilikuwa inateremka.
- Mafuta ya petroli yanaisha haraka na injini haina shida.
- Pedi za upande mmoja zinaisha kabla ya upande mwingine.

Kuwa makini na ndugu wawili wa kufanana. Kama tairi moto ni ya nyuma, Probox haina kalipa huko. Angalia dramu na kebo ya hendibreki. Na kama tairi ya mbele ni moto na inanguruma ukiongeza mwendo, inaweza kuwa beringi. Inua gari, shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, anza na beringi.

Vipimo vinne kabla ujinunulie spea

Ni hapa wasee hupoteza doo. Fundi anaona tairi moto, anasema "leta kalipa mpya." Unaleta, na baada ya siku tatu imeshika tena, juu shida haikuwa kalipa. Fuata hii mpangilio.

*Kipimo cha kwanza: joto.* Endesha kama kilomita 10, tumia breki kidogo. Simama pole pole mahali tambarare. Usiguse diski, itakuchoma. Nyunyiza matone machache ya maji kwa rimu zote mbili za mbele. Moja ikichemka na ingine imetulia, umepata upande.

*Kipimo cha pili: kuzungusha.* Fanya hii wakati bado imeshika, usingoje ipoe. Weka mawe nyuma ya tairi za nyuma, vuta hendibreki, weka gia kwa nyutro, inua mbele na uweke stendi. Jeki peke yake usiiamini. Zungusha tairi zote mbili kwa mkono. Kukwaruza kidogo ni kawaida. Ile unasukuma kwa nguvu na inasimama papo hapo ndio mgonjwa.

*Kipimo cha tatu: mafuta.* Hiki ndicho kipimo mafundi wengi huruka, na ndicho kinaokoa pesa. Kwa kalipa kuna nati ndogo ya kutolea hewa. Vaa miwani, weka kitambaa, ilegeze kidogo. Mafuta yakiruka na tairi ikaachilia, basi kuna presha imefungiwa ndani, na kalipa yenyewe inaweza kuwa mzima. Tairi ikibaki imebanwa, shida ni ya chuma: pistoni ama pini.

*Kipimo cha nne: paipu ya raba.* Kama kipimo cha tatu kiliachilia tairi, funga nati, mwambie mtu akanyage breki mpaka ishike tena. Sasa legeza pale paipu ya chuma inakutana na paipu ya raba. Isipoachilia hapo, lakini kwa kalipa inaachilia, paipu ya raba imevimba ndani. Mafuta yanapita yakisukumwa, lakini hayawezi kurudi. Ikiachilia hapo, shida iko juu zaidi, pengine masta silinda. Dalili ingine ya masta ni kwamba zaidi ya tairi moja zinashika kwa pamoja.

Kutengeneza kama ni pini

Hii ndio rahisi na ndio inapatikana sana. Toa tairi, fungua bolti za kalipa, iinue. Ifunge na waya kwa springi, usiiache ininginie kwa paipu ya raba. Angalia pedi: kama ya nje imeisha kuliko ya ndani, ama imeisha kwa mshazari, pini ndizo washukiwa wa kwanza. Kama ya ndani ndio imeisha sana, shuku pistoni, lakini pini bado zikague.

Vuta pini moja moja. Usizichanganye, juu kwa gari nyingi ya juu na ya chini hazifanani. Isugue na brashi ya waya laini, osha tundu lake, toa grisi yote ya zamani. Pini ikiwa imelika ama imepinda, nunua ingine. Paka grisi ya breki ya silikoni, kidogo. Grisi ya kawaida ya beringi hufanya raba ivimbe, na utarudi hapo hapo. Raba za vumbi zikiwa zimepasuka, badilisha. Ukimaliza, pini iteleze kwa vidole viwili.

Kutengeneza kama ni pistoni

Kalipa ikiwa imetoka, legeza nati ya hewa na usukume pistoni ndani na klampu. Inafaa kuingia pole pole bila vita. (Hii ni ya mbele. Gari zilizo na diski nyuma, zingine pistoni huzungushwa ikisukumwa, usilazimishe.) Ikikataa, ama ikienda kwa kuruka ruka, iko na kutu.

Kutoa pistoni, tumia pedali ya breki kabla hujafungua paipu. Weka kipande cha mbao mbele yake na vidole mbali. Kupuliza na kompresa inaweza kuirusha kama risasi. Ikitoka, isafishe. Kama uso wake uko laini na umechafuka tu, unaweka seti mpya ya raba, unapaka mafuta safi ya breki na unairudisha. Kama imetobokatoboka na kutu, msasa hautakusaidia. Nunua pistoni ama kalipa nzima. Kuosha ndani tumia mafuta ya breki ama spiriti, si petroli wala dizeli.

Kama ni paipu ya raba

Badilisha zote mbili za mbele. Zilizaliwa siku moja, zitakufa pamoja. Pedi pia hubadilishwa pande zote mbili, si upande mmoja.

Kutoa hewa

Ukifungua laini yoyote, hewa imeingia. Jaza kikopo cha mafuta na aina iliyoandikwa kwa kifuniko. Mwenzako akanyage na ashikilie, wewe fungua nati, hewa itoke, funga, *alafu* ndio atoe mguu. Rudia mpaka yatoke mafuta bila povu. Kikopo kisiishe katikati, utaanza upya. Kabla usogeze gari hata inchi moja, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ya kwanza huwa inaenda chini kabisa, na kuna watu wamegonga ukuta wa gereji hivyo.

Mafuta ya breki huvuta maji kutoka kwa hewa. DOT 3 ikiwa mpya inafaa kustahimili angalau nyuzi 205 bila kuchemka. Ikiingiwa na maji, kiwango kinashuka hadi 140. Sasa fikiria kalipa imeshika, imepata moto, na mafuta ni ya miaka minne. Yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inaenda chini bila kitu. Hiyo ndiyo "breki zimefeli" unasikianga kwa habari.

Mambo ya kukataa, hata kama fundi ni wa mtaa

- Kuziba laini ya tairi moja "ufike nyumbani." Hiyo ni gari ya breki tatu, na itayumba ukikanyaga.
- Maji ya sabuni ama oili ya injini kwa kikopo cha breki. Maji yanachemka na kuleta kutu, oili inaharibu raba zote, na masta pia itabidi ubadilishe.
- Kumwagia diski moto ndoo ya maji. Inaweza kupinda ama kupasuka.

Ukishikwa barabarani

Umetoka Keroka unashuka kuelekea Kisii, unasikia harufu ya kuungua. Usimalize safari kwa imani. Weka gia ndogo, injini ikusaidie kushikilia gari, tafuta mahali pa wazi na tambarare, simama. Usivute hendibreki kama tairi za nyuma ndizo moto, weka mawe. Acha ipoe yenyewe. Ukiona moshi mwingi ama moto, toa watu kwanza, mizigo baadaye. Abiria watanung'unika juu ya kuchelewa. Wacha wanung'unike wakiwa wamesimama kando ya barabara na miguu yote miwili.

Na kama wewe si dere bali abiria, hiyo harufu pia ni yako. Mwambie kwa heshima, "Dere, tairi inanuka, simama tuangalie." Akikataa, shuka steji ifuatayo. Probox ingine inakuja, hizo hazikosekangi huku.

Kila wakati unabadilisha tairi ama pedi, chukua dakika tano: vuta pini, angalia raba, zungusha tairi. Grisi ya pini ni bei ya chai na mandazi ukilinganisha na kalipa mpya.