Kasusa Mzazi, Mtoto Acheze?

Juzi kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mtoto ambaye wazazi wameamua kumsomesha wenyewe nyumbani, ana haki ya kwenda jioni kuchezea timu ya shule ya serikali? Mimi nilisema hapana. Huwezi kususa wali halafu ukadai nyama. Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma yaliyotokea Marekani, ambako ubishi huu una miaka mingi. Msimamo wangu ukaanza kulegea.

Kufikia mwaka 1993, kusomesha watoto nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Darasa likapatikana sebuleni, lakini sebuleni hakuna timu wala bendi. Mwaka 1996 Florida ikapitisha sheria: mwanafunzi wa nyumbani aruhusiwe kushiriki michezo na shughuli nyingine katika shule ya umma ya eneo lake, mradi ionekane kwamba masomo yake yanakwenda vizuri.

Aliyeifanya sheria hiyo ijulikane nchi nzima ni Tim Tebow. Alizaliwa Ufilipino mwaka 1987, wazazi wake wakiwa wamisionari, akakulia Florida akifundishwa nyumbani. Alitaka kuwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani. Shule binafsi aliyoanza kuichezea ilimpanga nafasi nyingine. Basi yeye na mama yake wakahamia nyumba ya kupanga kaunti ya St. Johns, ili apate kuichezea Nease High School. Mwaka 2005 Nease ikawa bingwa wa jimbo. Mwaka 2007, akiwa Chuo Kikuu cha Florida, akawa mwanafunzi wa kwanza wa mwaka wa pili kutwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo.

Majimbo mengine yakaanza kuandaa miswada, watu wakaiita kwa jina lake. Virginia, Gavana Terry McAuliffe aliukataa mwaka 2015, 2016 na 2017. Alisema wanafunzi wa shule lazima wafikie viwango vya masomo ndipo wacheze. Wa nyumbani hawapimwi kwa kipimo hicho. Wazazi wakajibu: kodi tunalipa, uwanja ni wetu pia. Alabama, mwaka 2016, chama cha michezo ya shule kilibadili kanuni chenyewe. Texas, mwaka 2021, ilipitisha sheria iliyoachia kila wilaya ya shule iamue.

Hoja ya McAuliffe bado naiona nzito. Kipimo kiwe kimoja kwa wote. Lakini nilichosahau kijiweni ni kwamba aliyesusa ni mzazi, siyo mtoto. Na wengi wao si kina Tebow. Ni binti anayetaka kupuliza tarumbeta na wenzake, basi.

Ungekuwa gavana, ungesaini?