Magnolia haikufika Mara, ila ndugu zake wapo uani

Ukipita mitaa ya Musoma au Bunda utaiona: miti mirefu, myembamba, imepangwa kando ya ukuta, majani yameinama na ni ya kijani hata kiangazi. Watu wanaiita ashoki. Jina lenyewe ni la kuazima, maana ashoka halisi wa India ni mti mwingine kabisa, wa jamii ya mikunde. Huu wa kwetu, asili yake India na Sri Lanka, ni wa jamii ya mstafeli. Na mstafeli, usishangae, ni ndugu wa magnolia.

Undugu wa mimea ni wazo lenye historia yake. Mwaka 1689 Pierre Magnol, mwanabotania wa Montpellier, Ufaransa, alichapisha kitabu kilichopanga mimea kwa familia, kama watu: usiangalie ua peke yake wala tunda peke yake, angalia mmea mzima. Mwaka 1703 Charles Plumier akaupa mti wa kisiwa cha Martinique jina la Magnol, ndiyo "magnolia". Ile kubwa ya bustanini, yenye majani mwaka mzima, kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani.

Sasa, Afrika haina hata spishi moja ya asili ya familia ya magnolia. Asia ipo, Amerika ipo, sisi katikati tumerukwa. Lakini panda ngazi moja juu ya familia, kwenye oda, unakuta ukoo umejaa: mstafeli, ashoki, hadi mkungumanga wa Zanzibar. Chukua ua la mstafeli ulipasue: petali nene, ngumu, zinafunguka kidogo tu. Hilo ni ua la kuchavushwa na mbawakawa, kama la magnolia.

Anayetaka magnolia uani Bunda ajue mti ule unapenda udongo wenye kina na unyevu. Juni hadi Agosti atabeba ndoo. Ashoki ni mvumilivu zaidi, ila kivuli chake hakitoshi hata kiti kimoja, na sielewi kwa nini tunaupenda hivyo.

Yupo ndugu mwingine ambaye hakuletwa na meli yoyote: mtopetope-mwitu, mwenyeji wa savana za Afrika. Ni mti mdogo, matunda yake yanaliwa, na ukiungua moto huchipua tena. Kabla hujafyeka kiwanja chako, Butiama au popote, angalia kama haupo.