Akiba ya Wajukuu na Kodi ya Mlangoni

Mzee wa Pemba apandaye mkarafuu hali mvi zimemjaa hajipandii nafsi yake. Mche ule utangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuchumwa, na ukishasimama utaishi kuliko yeye. Ni akiba ya wajukuu, japo haikuandikwa katika daftari lolote. Katika enzi za masultani, mti huo haukudaiwa kitu madamu umesimama shambani. Ni pale karafuu zilipofika forodhani Unguja ndipo dola ilipochukua fungu lake, na mwishoni mwa karne ya 19 fungu hilo lilifika robo ya mazao. Kodi haikumfuata mzee kondeni. Ilimngojea mlangoni.

Mlango huo haukujengwa visiwani peke yake. Mbali na bahari, katika nyanda za juu za Ufipa zilizo baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, iko Kaengesa, kata ya wakulima katika Wilaya ya Sumbawanga, ijulikanayo pia kwa seminari yake ya Kikatoliki. Huko hakuna karafuu wala forodha ya majahazi, lakini wazee wa huko nao wameweka akiba kwa ajili ya wajukuu, na historia ya akiba hiyo haitofautiani sana na ile ya mkarafuu.

Akiba kongwe ya Ufipa ilikuwa ulezi. Punje yake ni ndogo na ngumu, wadudu hawaipendi, na ikitunzwa vyema katika kihenge hukaa miaka mingi bila kuharibika. Wahenga waliposema akiba haiozi, yamkini hawakuwa na nafaka iliyo bora kuliko hiyo akilini mwao. Pamoja na ulezi palikuwa na ng'ombe, na majembe ya chuma yaliyofuliwa na Wafipa wenyewe, watu waliosifika kwa matanuri yao marefu ya udongo. Kihenge, zizi na jembe vilimpita babu, vikamfikia mwana, kisha mjukuu, pasina mtu wa nje kusimama njiani na kudai chake.

Hali hiyo ilibadilika baada ya Wajerumani kutoa amri ya kodi ya nyumba tarehe 1 Novemba 1897, ikaanza kutumika mwaka 1898. Nyumba ya kijijini ilipangiwa rupia 3 kwa mwaka. Hapo mwanzo iliwezekana kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini kuanzia mwaka 1905 serikali ilitaka fedha taslimu. Boma la wilaya lilikuwa Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mtu wa Ufipa aliyekuwa tajiri wa ulezi akajikuta maskini wa rupia. Kihenge kilichojaa hakikumsaidia mpaka apatikane mnunuzi, na bei aliitaja mnunuzi.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika hawakuivunja desturi hiyo. Sheria yao ya mwaka 1922 iliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa, nayo ikadaiwa kwa shilingi. Vijana wa Ufipa walishika njia kwenda kuitafuta fedha hiyo, wengine katika mashamba ya mkonge ya pwani, walikoitwa manamba, na wengine katika migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Hapo ndipo mkondo ulipogeuka. Ilivyokuwa desturi, mali ilishuka kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana. Sasa nguvu za kijana zilipanda kumlipia mzee nyumba anayolala. Kodi haikugusa akiba ya wajukuu kwa jina, lakini iliwatoa wajukuu wenyewe nyumbani.

Baada ya uhuru, kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969. Serikali za mitaa ziliporejeshwa katika miaka ya 1980, ilirudi kwa jina la kodi ya maendeleo, ikadumu mpaka ilipoondolewa tena mwaka 2003. Kufikia hapo mahindi yalikuwa yameipa Rukwa sifa ya kulisha mikoa mingine, na akiba ya bibi ilikuwa imehama kutoka ulezi hadi magunia ya mahindi, yanayouzwa ili kulipa ada, sare na nauli ya mjukuu asomaye mbali. Kwa hivyo malango nayo yakaongezeka. Halmashauri zilitoza ushuru wa mazao uliofika asilimia 5 ya bei. Kwa maandishi ya sheria mlipaji ni mnunuzi, ila mnunuzi hakosi kuukumbuka ushuru wake anapotaja bei kwa mkulima.

Mwaka 2021 ukafunguliwa mlango mwingine. Tarehe 15 Julai tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kadiri ya kiasi kinachopita. Ilikatwa wakati wa kutuma, ikakatwa tena wakati wa kutoa. Bibi wa Kaengesa aliyekwisha kuuza mahindi yake kwa bei iliyoliwa na ushuru, akimtumia mjukuu wake fedha ya chakula shuleni, alipita malango matatu kwa akiba ile ile. Malalamiko yalikuwa makubwa nchi nzima. Septemba ya mwaka huo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, ikashushwa tena mwaka 2022, na Julai 2023 ikaondolewa katika kutuma fedha.

Na akiamua kutotuma, akaiweka fedha benki mpaka mtoto akue? Riba ya akaunti hukatwa asilimia 10 kabla haijamfikia mwenyewe. Riba ikiwa shilingi 20,000, elfu mbili huenda serikalini, sawa na mfanyabiashara mwenye mamilioni, kwani kiwango ni hicho hicho. Tanzania haina kodi ya mirathi. Akifa bibi, dola haidai fungu katika alichokiacha. Linalotozwa ni lile tendo la mwenye uhai: kuuza, kutuma, kuzalisha.

Hoja hapa si kwamba kodi ni dhuluma. Zahanati ya kata, dawati la shule na lami iendayo Sumbawanga havikushuka kutoka mbinguni, na mjukuu ndiye atakayevitumia zaidi. Hoja ni kwamba akiba ya mzee haiwezi kukaa mahali pamoja kama ya tajiri. Ni lazima igeuke: nafaka iwe fedha, fedha iwe ada. Na kodi hukaa pale pale pa kugeukia. Tangu rupia tatu za Mjerumani, aliyelemewa zaidi si mwenye mali nyingi, bali ni yule ambaye mali yake haina budi kubadili sura mara nyingi.

Uingereza iliona umuhimu wa jambo hili ikalipa jina: tangu mwaka 2011 ipo akaunti ya mtoto ambayo babu na bibi wanaweza kuitia fedha, na faida yake haitozwi kodi. Lakini hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 2017 Tanzania yenyewe ilishusha ushuru wa mazao, ukawa asilimia 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara, na ikamruhusu mkulima kuvusha mzigo usiozidi tani moja kutoka wilaya hadi wilaya bila kulipa ushuru. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Siku ile sheria ilitambua kwamba magunia kumi ya bibi si lori la mchuuzi. Iliyoweza kuyahesabu magunia yake barabarani yaweza pia kuihesabu riba yake kitabuni, ikaiachia iliyo ndogo ipite.