Ritifaa na Majina Yetu

Katika maandishi yetu imo alama moja ndogo sana, ambayo mwanafunzi mvivu huiona kuwa si kitu. Jina lake ni ritifaa. Haisimami peke yake wala haisomwi peke yake. Lakini palipo na ritifaa pana jambo, na aiachaye huacha na jambo hilo.

Kwanza na tuitazame kwa Waingereza. Hao waliipokea katika karne ya 16, kwa kufuata desturi ya Wafaransa, na kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba herufi imeachwa. Hata leo mtu aandikapo “don't” badala ya “do not”, ritifaa yakaa mahali pa ile o iliyoondoka. Baadaye ikaonyesha mwenye mali pia, kama “teacher's book”, yaani kitabu cha mwalimu. Kazi hii nayo ina asili yake: katika Kiingereza cha kale majina mengi ya wenye mali yaliishia kwa es, kisha ile e ikaanguka. Bali wingi wa vitu hauna herufi iliyoanguka wala mwenye mali. Kwa hiyo vitabu vingi ni “books” tu, bila ritifaa.

Kwetu sisi alama hiyo hiyo ilipewa kazi nyingine. Zamani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina herufi ya peke yake kwa sauti ianzayo neno ng'ombe. Edward Steere, mmisionari wa Unguja, alipotoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, aliwaeleza Waingereza kwamba sauti hiyo yafanana na ile iliyo mwishoni mwa maneno mengi ya lugha yao. Ilihitaji kutengwa na ng ya neno ngoma, ambamo g yasikika wazi. Kung'oa ni kutoa kitu kilichoshika ardhini. Ngoa ni tamaa au wivu. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ilisanifisha maandishi ya Kiswahili, na ritifaa ikadumu humo. Waganda walipata herufi kamili kwa sauti hiyo, nayo ni ŋ. Sisi tulibaki na alama hii ndogo.

Basi kwa Mwingereza ritifaa haina sauti. Kwetu inabadili sauti. Litazame jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o: lina ng mwanzoni na ng' mwishoni, na asomaye zote mbili kwa namna moja amekosea jina. Mjini Kitale, ambako watu wa makabila mengi huishi pamoja, watoto waitwao Ng'ang'a na Ng'etich huweza kukaa dawati moja. Karani akiwaandika bila ritifaa, amewapa majina ambayo wazazi wao hawakuwapa.

Hasara hiyo yaweza kulipata hata jina la mji. Toka Kitale ushuke kusini hadi Bungoma. Wengine husema mji huo uliitwa kwa jina la Wabong'om, jamaa ya Wasabaoti waliokaa pande hizo, na ambao wengi wao sasa husema Kibukusu. Wengine husema jina latokana na ngoma, ambayo Wabukusu huiita eng'oma. Wazee wawili wanaweza kushindana juu ya habari hiyo mchana kutwa. Lakini angalieni, habari zote mbili zina ng' ndani yake, na ramani haina. Mgeni asomaye ramani hutamka ng ya Kiswahili, wala hapati dalili ya kumwambia kwamba jina hilo lilitoka katika sauti nyingine. Alama moja ikiachwa, kumbukumbu ya watu wa kale nayo hufifia.

Kwa hiyo, enyi vijana, kila mwandikapo ritifaa jiulizeni: hapa yafanya kazi gani? Katika Kiingereza, je, kuna herufi iliyoachwa au mwenye mali? Ikiwa hakuna, iondoeni. Katika lugha zetu, je, sauti ni ya ng'ombe au ya ngoma? Ikiwa ni ya ng'ombe, iandikeni, hata kama karani, mashine au ramani imeisahau. Kuandika jina la mtu sawasawa ni heshima, na heshima hiyo haina gharama.